Jedwali lenu limesahau mvutano wa dunia

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa sayansi ndio ninaoanza nao kila Jumapili, kabla ya siasa na kabla ya michezo. Jumapili iliyopita mlichapa jedwali la kubadili vizio, nami nikawapongeza kimoyomoyo hadi nilipofika mstari wa saba. Hapo, katika safu yenye kichwa "Densiti", mmeweka pamoja kilo kwa mita ya ujazo, gramu kwa sentimita ya ujazo, paundi kwa galoni, na kisha, bila hata kubisha hodi, paundi kwa inchi ya mraba kwa kila futi. Maelezo ya chini yakasema kwamba gradienti ya presha ni densiti kwa jina jingine. Msomaji agawanye kwa 0.433 na kazi imekwisha.

Nimestaafu sasa, lakini kwa miaka 22 kazi yangu ilikuwa kupima tope la kuchorongea visima virefu, lile linalojaza kisima ili lisukumane na presha ya mwamba. Huko kugawanya kwa 0.433 nimekufanya mara nyingi kuliko nilivyochana nywele. Jibu linalotoka, kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, ni sahihi na silibishii. Ninachobishia ni ile sentensi. Atakayeiamini ataumizwa siku atakapokutana na vizio ambavyo havina 0.433 ya kumwokoa.

Mimi iliniumiza mapema. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa ripoti ya kisima iliyoandikwa kwa futi na paundi, nikaambiwa niigeuze yote iwe ya mita na kilo kabla zamu haijabadilishana. Gradienti iliyotakiwa ilikuwa 0.6, yaani kila unaposhuka futi moja presha iongezeke kwa paundi 0.6 kwa inchi ya mraba. Nilikuwa na kijitabu cha vizio mfukoni. Paundi moja kwa inchi ya mraba ni paskali 6,894.76, futi moja ni mita 0.3048, nikagawanya, nikapata 22,621. Nikazidisha kwa 0.6, nikapata 13,572. Safu ya mwisho ya fomu ilikuwa imeandikwa "kilo kwa mita ya ujazo". Nikajaza 13,572, kwa mwandiko mzuri, na mstari chini yake kwa rula.

Msimamizi wetu wa zamu alikuwa mzee asiyepandisha sauti hata pampu zikinguruma. Aliisoma fomu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Binti yangu," akaniuliza, "zebaki yote hii tutaitoa wapi?"

Sikumwelewa mpaka alipokichukua kijitabu changu kilekile na kunifungulia ukurasa wa densiti. Zebaki: 13,595. Nilikuwa nimeikosa zebaki kwa kilo 23 tu! Nilichokuwa nimeandika ni paskali kwa mita, nikakibandika jina la kilo kwa mita ya ujazo. Hatua niliyoiruka ilikuwa kugawanya kwa 9.80665, na ukifanya hivyo 13,572 inakuwa 1,384, tope la kawaida kabisa, maji yaliyokorogwa na udongo na unga wa baraiti, jiwe zito la kuongeza densiti ya tope. Lile langu lingekuwa zito kuliko mwamba wenyewe mara tano na zaidi. Mzee alilikata kwa kalamu nyekundu, akaandika 1,384 pembeni, na hakulitaja tena. Wenzangu walilitaja kwa miaka minne. Nikichelewa kazini, waliulizana kama Mama Zebaki amefika.

Sasa turudi kwenye sentensi yenu. Chukueni tangi la mita moja kila upande, mlijaze maji. Ndani yake kuna kilo 1,000. Hiyo ndiyo densiti, kiasi cha kitu kilichomo ndani ya nafasi ya mita moja ya ujazo. Lichukueni tangi hilo angani mbali na kila sayari, bado kilo ni 1,000. Lakini likiwa hapa duniani, kilo hizo zinavutwa chini, na mvuto huo ni nyutoni 9,807 hivi, zinazokandamiza sakafu ya mita moja ya mraba. Nyutoni kwa mita ya mraba ndiyo paskali. Kwa hiyo ukishuka mita moja ndani ya maji, presha (au kanieneo, kama tulivyofundishwa darasani) inapanda kwa paskali 9,807. Hiyo ndiyo gradienti. Ya kwanza inakwambia ndani ya tangi kuna nini, ya pili inakwambia dunia inakivuta kiasi gani. Kati ya hizo mbili umesimama mchapuko wa mvutano wa dunia, ile 9.80665 niliyoiruka, na huwezi kuvuka bila kumlipa mlinzi huyo. Kwenye Mwezi, ambako mvutano ni 1.62, tangi lilelile lingetoa paskali 1,620 tu. Anayeamini kwamba gradienti ni densiti kwa jina jingine, akigawanya kwa namba aliyotoka nayo duniani, atatangaza kwamba maji ya Mwezini yana kilo 165 kwa mita ya ujazo.

Vijana niliowafundisha waliuliza kila mara kuhusu upana. Kisima chembamba na kisima kipana vikijazwa tope moja, kile kipana si kina tope jingi zaidi, basi mbona presha ya chini ni ileile? Simon Stevin alilimaliza jambo hilo mwaka 1586. Presha inafuata kina na densiti, umbo la chombo halina kauli. Upana unaongeza uzito, lakini unaongeza na sakafu ya kuubeba kwa kiwango hichohicho, na ukigawanya upana unajifuta. Ndiyo maana tunaweza kuzungumzia presha kwa kila mita bila kuuliza kisima kina inchi ngapi.

Kwa nini basi hiyo 0.433 inafanya kazi bila kumtaja mlinzi? Kwa sababu paundi ni neno lenye nyuso mbili. Ipo paundi ya tungamo, ambayo ni kiasi cha kitu, na ipo paundi ya kani, ambayo ni mvuto wa dunia juu ya paundi ya tungamo. Zimeandikwa kwa neno moja na kwa makusudi zina namba moja, kwa hiyo mvutano umefichwa ndani ya jina. Futi moja ya ujazo ya maji ina paundi 62.4 za tungamo. Zinakandamiza chini kwa paundi 62.4 za kani, juu ya inchi za mraba 144. Gawanya 62.4 kwa 144 na hiyo hapo 0.433 yenu. Mlinzi alilipwa mlangoni na mtu mwingine, zamani, na ninyi mkadhani mlango hauna mlinzi.

Kilo nayo ilikuwa na ugonjwa huohuo. Mwaka 1901 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulitamka kwamba kilo ni kizio cha tungamo, kwamba uzito ni kitu cha jamii ya kani, na kwamba thamani ya kawaida ya mchapuko wa mvutano ichukuliwe kuwa 9.80665. Zaidi ya karne imepita na bado nimefanya kazi na geji zilizochorwa kilo kwa sentimita ya mraba, yaani kilo za kani. Hapo kosa linageuka upande. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa amefundwa vizuri kuhusu kugawanya kwa 9.8, alisoma kwenye geji hizo gradienti ya 0.1384 kwa mita, akazidisha kwa 10,000 kupata mita ya mraba, akafika 1,384, ambalo lilikuwa tayari ndilo jibu. Halafu, kwa uaminifu wake wote, akagawanya kwa 9.8. Akapata 141, tope jepesi kuliko mbao nyingi. Mimi nilisahau kulipa, yeye alilipa mara mbili. Tungekutana katikati tungekuwa mtu mmoja mwenye akili.

Msiseme ni mambo ya sisi wa kwenye tope peke yetu. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani nchini Kanada. Waliojaza mafuta walizidisha lita kwa 1.77, densiti ya mafuta kwa paundi kwa lita, wakaliita jibu kilo. Iliyotakiwa ilikuwa 0.8 hivi. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika, na rubani akaiteremsha ikielea bila injini kwenye kiwanja cha zamani cha kijeshi pale Gimli. Hakuna aliyekufa. Namba 1.77 haikuwa na kosa lolote, iliandikwa tu bila kusema ni ya nini, kama mstari wenu wa saba.

Kwenye tope tunayo namba nyingine maarufu, 0.052, na nadhani ingewafaa wasomaji wenu kuliko 0.433 kwa sababu inaonyesha matumbo yake. Ukiwa na densiti kwa paundi kwa galoni, zidisha kwa 0.052 upate paundi kwa inchi ya mraba kwa futi. Nimewaona mafundi wa miaka 30 wanaoijua kama jina la mama yao na hawajui ilikotoka. Simamisha nguzo ya tope yenye kitako cha inchi moja ya mraba na urefu wa futi moja. Ujazo wake ni inchi za ujazo 12. Galoni ya Kimarekani ni inchi za ujazo 231. Kwa hiyo nguzo yetu ni 12 ya 231 ya galoni, na 12 ukigawa kwa 231 ni 0.05195. Basi! Gradienti yangu ya 0.6 ukiigawa kwa hiyo inatoa paundi 11.55 kwa galoni, na kila paundi moja kwa galoni ni kilo 119.83 kwa mita ya ujazo, tunarudi 1,384. Siku ile mzee alinifanya nifike kwenye 1,384 kwa njia tatu kabla hajaniachia niende kulala.

Ile "ya Kimarekani" si pambo. Galoni ya Uingereza ni inchi za ujazo 277.4, na namba yake ingekuwa 0.0433. Aliyepima tope kwa galoni ya Uingereza akazidisha kwa 0.052 anaikuza presha kwa asilimia 20. Jedwali lenu halisemi galoni ya nani.

Kuna wanaolalamika kwamba 0.052 ni ya kukadiria. Ni kweli, lakini kosa lake ni moja katika elfu. Kwenye presha ya paundi 6,000 linakuwa paundi sita, na geji nyingi nilizozitumia zilikuwa zinadanganya zaidi ya hapo. Hata mvutano wenyewe hautulii, ni 9.780 kwenye ikweta na 9.832 kwenye ncha za dunia. Tope langu la 1,384, likipimwa kwa presha, lingeonekana 1,388 penye thamani ya kwanza na 1,380 penye ya pili kwa namba ileile ya paskali. Kwa kuchoronga ninayafumbia macho hayo. Wapiga mbizi nao wana kanuni yao kwamba mita 10 ni baa moja, yaani paskali 100,000. Kwa maji ya bahari ya kilo 1,025 imekaribia sana, kwa maji baridi inazidisha kwa asilimia mbili. Sina ugomvi nao.

Ugomvi nilio nao ni mzito zaidi, Mhariri, nao ungekuwepo hata kama hesabu yote ingekuwa sahihi hadi desimali ya mwisho. Densiti unayoipata kutoka kwenye gradienti ni ya nini hasa? Tuseme geji imeshushwa kisimani, ikasoma kilopaskali 26,000 (kilopaskali moja ni paskali 1,000) ndani ya tabaka la mwamba lililo kwenye kina cha mita 2,000, na 26,350 kwenye mita 2,050, katika tabaka hilohilo. Ukifuata maelezo yenu utagawanya 26,000 kwa 2,000, upate 13 kwa mita, na ukishamlipa mlinzi utapata 1,326. Msomaji wenu ataamini kwamba humo mwambani kuna maji mazito ya chumvi. Sasa chukua tofauti ya hizo mbili. Kilopaskali 350 kwa mita 50 ni saba kwa mita, sawa na kilo 714. Hayo ni mafuta. Geji moja, mwamba mmoja, densiti mbili, na zote zimekokotolewa vizuri.

Zote pia zina maana, ila zinajibu maswali mawili. Ile 714 ni densiti ya kimiminika kilichomo katika vinyweleo vya mwamba. Ile 1,326 si densiti ya kitu chochote kilichopo chini kule. Ni densiti ambayo tope langu lingepaswa kuwa nayo, likijaza kisima kutoka juu hadi mita 2,000, ili lisukumane na mwamba sawa kwa sawa. Rudia hesabu hiyo kwenye mita 2,050 na inashuka kuwa 1,311, wala hakuna kimiminika kilichobadilika. Sisi tuliiita densiti sawia, na hilo neno "sawia" lilikuwa linaokoa visima. Tuliitumia hata kwa presha ya kuupasua mwamba. Tulisema mwamba huu unapasuka kwa 1,750, na mgeni alidhani tunazungumzia uzito wa jiwe. Pampu zikiwashwa, msuguano wa tope linalopanda huongeza presha chini, na densiti sawia inapanda bila mtu kutia hata kiganja cha baraiti.

Na kina nacho. Kisima kilichopinda kinaweza kuwa na urefu wa mita 3,000 ukifuata bomba, ilhali kimeshuka wima mita 2,400 tu. Presha inaujua wima peke yake. Ukigawanya kwa urefu wa bomba, tope la 1,384 linageuka 1,107 mbele ya macho yako. Utaongeza baraiti usiku kucha kutibu tope lisiloumwa, na mwisho utaupasua mwamba. Niliona karibu litokee. Aliyelizuia ni kijana wa bohari, hata hakuwa wa idara yetu, aliyeuliza kwa nini mizani ya tope pale juu inasema 1,384 na karatasi inasema jingine. Mizani ya tope ni kikombe na uzito wa kuteleza kwenye mkono wa chuma, inalinganisha tungamo na tungamo, kwa hiyo mvutano unajifuta pande zote mbili. Haidanganywi na kina kwa sababu haijawahi kukisikia.

Kwa wale wanaopima matangi mafupi niongeze moja tu: anzeni na geji inayosoma sifuri hewani. Inayohesabu na presha ya hewa itasoma kilopaskali 121 chini ya maji ya mita mbili. Mkigawanya hiyo kwa mbili, maji yenu yatakuwa na zaidi ya kilo 6,000 kwa mita ya ujazo. Au pimeni sehemu mbili mchukue tofauti, hewa itajiondoa yenyewe.

Ombi langu ni dogo. Uondoeni mstari wa saba kwenye safu ya densiti, muupe safu yake, na ukichapwa tena usomeke hivi: "Gradienti ya presha ya kimiminika kilichotulia, paskali kwa mita ya kina cha wima, gawanya kwa 9.80665 upate densiti kwa kilo kwa mita ya ujazo. Paundi kwa inchi ya mraba kwa futi: zidisha kwa 2,306.7 upate kilo kwa mita ya ujazo, mvutano wa kawaida wa dunia ukiwa umeshahesabiwa." Nimeijaribu na 0.6 kabla ya kuwaandikia. Inatoa 1,384.

Wenu,
Mpimaji tope mstaafu
(aliyewahi kuitwa Mama Zebaki)